“Fedha hazijaja”: diwani ana nguvu gani kwenye bajeti, na boma la zahanati lisukumwe vipi

SWALI: Sisi ni wakazi wa kijiji kimoja wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Mwaka 2022 tulianza kujenga zahanati kwa nguvu zetu: matofali ya kuchoma, mawe, mchanga na mchango wa fedha kwa kila kaya. Boma limefika kwenye lenta na limesimama hapo hapo. Kila mwaka Mheshimiwa diwani anatuambia zahanati iko kwenye bajeti ila fedha hazijaja. Diwani ana nguvu gani hasa juu ya fedha za halmashauri? Na sisi tufanye nini ili mwakani tusiambiwe maneno yale yale? (Mjumbe wa kamati ya ujenzi ya kijiji)

JIBU:

Kamwene, ndugu mjumbe.

Diwani hana fedha mkononi. Haidhinishi malipo wala hana mfuko wa kata. Mfuko unaofanana na huo ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake inaongozwa na mbunge. Ndani ya halmashauri mwenye dhamana ya malipo ni mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli. Kwa hiyo anayemwambia diwani “tupe hela” anamwomba kitu asichokuwa nacho, na diwani anayeahidi “nitawaletea hela” anaahidi cha mwenzake.

Alichonacho diwani ni hiki: ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC, ana kura kwenye Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti, na ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwenye kamati za kudumu na kwenye baraza, majibu yakaingia kwenye muhtasari. Si nguvu ndogo. Ila zina majira yake. Diwani anayeanza kupaza sauti mwezi Mei kwa ajili ya mradi ambao haukuandikwa Novemba amechelewa kwa mwaka mzima, hata awe mkali namna gani.

Sasa tuliangalie jibu mnalopewa. “Iko kwenye bajeti, fedha hazijaja” linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa nusu ya ukweli, na mara nyingi diwani mwenyewe hajui ni lipi kati ya mambo manne lililotokea.

La kwanza, mradi haumo kabisa. Ulipita WDC, labda hata ukaingia kwenye rasimu ya halmashauri, kisha ukakatwa rasimu ilipozidi ukomo wa bajeti uliotolewa na Hazina. Kukata huko hutokea ofisini, katika uchambuzi wa mkoa na wa TAMISEMI, na kata haiandikiwi barua ya kuarifiwa. Diwani anabaki na karatasi ya rasimu aliyopewa Februari, anaamini mradi upo. Dawa yake ni kuomba bajeti iliyoidhinishwa, ile inayoanza kutumika Julai 1, na kutafuta humo jina la kijiji chenu, kasma yake (kifungu cha bajeti kinacholipia mradi) na kiasi chake. Mradi ambao haumo kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, ukiwa na kasma yake hauwezi kulipwa kwenye mfumo wa malipo, hata fedha zikiwa zimejaa benki.

La pili, mradi umo na chanzo chake ni mapato ya ndani, lakini makusanyo yalipungua. Hili ndilo la kawaida zaidi kwa maboma ya vijijini na nitalirudia kwa kirefu.

La tatu, mradi umo na chanzo ni ruzuku ya maendeleo kutoka serikali kuu. Hapo halmashauri inasubiri Hazina, na kweli diwani hana la kufanya zaidi ya kumsukuma mkurugenzi aandike na mbunge aulize bungeni. Wakati serikali ilipokuwa inatoa fedha za kukamilisha maboma ya zahanati, kiwango kilichozoeleka kilikuwa shilingi milioni 50 kwa boma. Kumbukeni tarakimu hiyo, itawafaa mnapopanga hatua za ujenzi.

La nne ndilo linaloumiza kuliko yote: fedha zilikuja na hazikutumika. Zilifika mwezi Aprili, kamati ya manunuzi ya kijiji haikuwa imeundwa, fundi hakuwa amesajiliwa kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, bei zilizokusanywa zilikataliwa kwa sababu muuzaji hana risiti ya EFD, na Juni 30 ikafika. Fedha ambazo hazijatumika mwaka wa fedha unapofungwa huingia kwenye hesabu ya bakaa, na kuzirejesha mradini ni safari nyingine ya vibali.

Kwa hiyo swali la kumwuliza diwani kwenye mkutano wa kijiji lisiwe “fedha zitakuja lini?” Mwulizeni: “Zahanati yetu iko kwenye kasma ipi, kiasi gani, chanzo kipi, na mpaka robo iliyopita kimetolewa kiasi gani?” Asipokuwa na jibu siku hiyo si dhambi. Mpeni mpaka mkutano ujao, na mtendaji wa kijiji aliandike swali kwenye muhtasari. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na taarifa ya robo mwaka ya halmashauri nayo hutoka kila miezi mitatu. Vitu hivyo viwili vinakwenda sambamba.

Nirudi kwenye mapato ya ndani, maana hapa ndipo diwani ana nguvu zake kubwa na ndipo wengi wanazipoteza.

Halmashauri ya vijijini katika ukanda wetu wa Nyanda za Juu Kusini inaishi kwa ushuru wa mazao, mazao ya misitu, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ghafi ya biashara, leseni, minada na vibanda vya masoko. Mufindi inategemea sana mbao na chai, Kyela kakao, Mbarali mpunga wa Usangu, Kilolo kuna mahindi, viazi na miti kwenye milima, na vitunguu huko bondeni Ruaha Mbuyuni. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba mzigo usiozidi tani moja usitozwe unaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nafuu hiyo kwa mkulima ilikuwa halali kabisa, ila ilimaanisha halmashauri iliyozoea kujaza kapu kwa mageti ya barabarani ipunguze matumaini. Nyingine hazikupunguza.

Chukulieni mfano wa hesabu tu, si takwimu za Kilolo. Tuseme halmashauri inakisia kukusanya bilioni 4. Humo mna mapato lindwa, yaani yenye kazi yake maalumu kama malipo ya wagonjwa yanayobaki kituoni. Tuseme bilioni 1.2. Yanabaki bilioni 2.8. Ikiwa halmashauri hiyo iko kwenye kundi linalotakiwa kupeleka asilimia 40 kwenye maendeleo, hiyo ni bilioni 1.12. Kwa kawaida humo ndimo inamotoka asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ambayo ni ya kisheria na haiguswi: milioni 280. Imebaki milioni 840. Gawanyeni kwa kata 20: milioni 42 kwa kata. Hapo hakuna hata zahanati moja iliyokamilika, na kata yenu ina vijiji kadhaa, kila kimoja na boma lake.

Na hayo ni makisio. Ikikusanywa asilimia 70 tu, mishahara ya vibarua, mafuta ya magari na posho za vikao havisubiri. Kinachosubiri ni miradi. Kwa hiyo pengo la asilimia 30 kwenye makusanyo halikati miradi kwa asilimia 30, linaweza kukata zaidi ya nusu.

Ndiyo maana nasema kazi nzito kuliko zote ya diwani kwenye kikao cha bajeti ni kukataa makisio yaliyopambwa. Ninajua kwa nini hawakatai. Makisio yakiwa makubwa kila kata inapata mradi kwenye karatasi, kila diwani anarudi nyumbani na kitu cha kusema. Makisio yakiwa ya kweli, kata kumi zinapata na kumi zinasubiri zamu. Lakini zamu ya kweli ni bora mara nyingi kuliko ahadi ya uongo kwa wote, kwa sababu maboma kumi yanayokamilika mwaka huu yanatibu watu, na maboma ishirini yaliyopewa milioni mbili mbili yote yananyeshewa. Diwani wenu aombe jedwali moja tu kabla ya kuinua mkono: makisio na makusanyo halisi ya kila chanzo kwa miaka mitatu iliyopita. Chanzo ambacho hakijawahi kufika milioni 300 kikiandikiwa milioni 600, aulize ni kipi kimebadilika. Kama hakuna kilichobadilika, tofauti hiyo ni hewa, na miradi iliyotundikwa juu yake ni hewa pia.

Jambo jingine la kuuliza kila mwezi, kama yumo kwenye Kamati ya Fedha, ambayo ndiyo inayokaa kila mwezi, ni orodha ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru: ngapi zimegawiwa, ngapi hazijaonekana hewani, nani amekusanya na hajapeleka benki. Wanaiita fedha mbichi: mtendaji anakusanya ushuru, anautumia kwanza, anakusudia kurudisha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimelitaja tatizo hili mwaka baada ya mwaka. Laki mbili tatu zikipotea kwa kila mashine, boma zima limeondoka.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Vijiji vinapaswa kuibua na kupanga vipaumbele kati ya Septemba na Novemba, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. WDC inakaa kuchambua, kata inapeleka halmashauri. Desemba na Januari wataalamu wanaandaa rasimu, inapita kwenye menejimenti na kamati za kudumu. Januari mwishoni au Februari Baraza linakaa kikao maalumu cha bajeti. Baada ya hapo ni Kamati ya Ushauri ya Wilaya, mkoa, TAMISEMI, Bunge. Kufikia Machi, kata haina tena nafasi ya kuingiza kitu kipya. Kilichobaki ni kulinda kisikatwe. Nafasi ndogo ya katikati ni mapitio ya nusu mwaka, Desemba au Januari, ambapo fedha huweza kuhamishwa kutoka mradi uliokwama kwenda mradi ulio tayari. Maboma mengi yamepata paa kupitia uhamisho huo, kwa sababu tu karatasi zake zilikuwa kamili na za wengine hazikuwa.

Kwa ukanda wetu kuna kalenda ya pili ambayo lazima ipandikwe juu ya hiyo: mvua. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Mkulima anauza mazao yake kati ya Juni na Oktoba, kwa hiyo ushuru wa mazao nao unajaa miezi hiyo, na miezi hiyo hiyo ndiyo barabara za milimani, za Dabaga kwa mfano, zinapitika na lori la bati linafika bila kukwama. Fedha zikitolewa Agosti au Septemba, Novemba jengo limeshapauliwa. Fedha hizo hizo zikitolewa Februari, lori halifiki, nauli ya saruji inapanda, mafundi wako mashambani kwao, na ukija kushtuka ni Juni. Diwani asipiganie tu kiasi. Apiganie robo ya kutolewa. Kwenye mpango wa matumizi wa halmashauri kila mradi una robo yake. Boma lisiloezekwa liwekwe robo ya kwanza.

Nije upande wenu. Kata inapeleka maombi ya vijiji vingi, na wataalamu wakibanwa na ukomo wanachagua mradi ulio tayari zaidi. “Tunaomba zahanati” ni maneno mawili yanayoandikwa na kila kijiji. Andaeni faili, msiandae barua tu.

Faili lianze na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaotaja zahanati kuwa kipaumbele namba moja. Si cha tatu baada ya barabara na ofisi ya kijiji: namba moja. Usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, uwe na orodha ya mahudhurio. Fuatisheni muhtasari wa WDC unaosema hivyo hivyo. Mara nyingi mnyororo hukatika hapa. Kijiji kinasema zahanati, WDC inaandika “ujenzi wa miundombinu ya afya katika kata”, na kwa maneno hayo kijiji chenu kimeshafutwa. Jina la kijiji lazima libaki mpaka mwisho.

Kisha tathmini ya mhandisi wa halmashauri. Aje, aone msingi, kuta na lenta, aandike kama jengo limefuata ramani iliyoidhinishwa ya zahanati. Hii msiikwepe kwa kuogopa. Vijiji vingine vimejenga kwa ramani ya fundi wa jirani, vyumba vikawa vidogo, na ukweli huo hujitokeza siku fedha zimefika. Ni heri kuujua sasa. Mwombeni atoe makadirio ya gharama, BOQ, yaliyogawanywa kwa hatua: kenchi na bati, plasta na sakafu, milango na madirisha, choo, kichomea taka na shimo la kondo la nyuma, maji. Mgawanyo huo ni muhimu sana. Ukiomba milioni 50 na halmashauri ina milioni 18, jibu ni “hakuna fedha”. Ukiwa na hatua ya kupaua peke yake yenye bei yake, milioni 18 zinapata pa kwenda. Paa kwanza, siku zote. Jengo lenye paa linaweza kungoja, lisilo na paa linaoza.

Mchango wenu nao uwe na hesabu: matofali mangapi, tripu ngapi za mawe na mchanga, kaya ngapi zimechanga kiasi gani, siku za nguvu kazi, risiti ziko wapi. Mhandisi aukadirie kwa shilingi. Kitu kama “wananchi wamechangia kwa thamani ya milioni 22, imebaki hatua ya paa” kinasomeka vizuri kwenye kikao kuliko “wananchi wamejitolea sana”.

Mwisho wa faili ni sababu ya kiafya, na iwe na namba za kwenu. Watu wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, wajawazito wangapi kwa mwaka uliopita, kilomita ngapi mpaka zahanati ya karibu na mto gani haupitiki masika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anazo nyingi kwenye daftari lake. Hapa Iringa kuna hoja ambayo hakuna diwani anayeweza kuipuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa, juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Njombe ilikuwa asilimia 50.4. Mkoa una mahindi, viazi, maharage na maziwa, na bado mtoto mmoja kati ya wawili amedumaa. Mtoto anayepimwa uzito kila mwezi karibu na nyumbani anagundulika mapema. Yule ambaye mama yake anatembea nusu siku kwenda kliniki haendi mwezi wa mvua. Halmashauri pia zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya lishe. Diwani aulize si kama zimetengwa, maana kutenga ni rahisi, bali kama zimetolewa na zimenunua nini.

Faili moja abaki nalo mtendaji wa kijiji, moja mtendaji wa kata, moja diwani, na moja lipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Diwani alitumie kwenye kikao cha taarifa za kata, siku ile kabla ya Baraza kujadili taarifa za kamati, ambapo kila diwani anasoma hali ya kata yake. Wengi husoma ukurasa wa salamu na shukrani. Asome kasma, kiasi, hatua ya jengo na robo anayoomba, kisha ahakikishe kwenye muhtasari wa kikao kijacho maneno hayo yamo, ndipo athibitishe muhtasari. Kama anataka jibu la maandishi, Kanuni za Kudumu za halmashauri zinamruhusu kupeleka swali kabla ya kikao.

Wakati mnasubiri, lilindeni boma. Mvua ikilipata boma lisilo na paa, inaanzia juu: maji yanaingia kwenye udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali, kozi za juu ya lenta zinalegea, na kwa misimu miwili mitatu mhandisi analazimika kuandika “zibomolewe”. Funikeni kichwa cha ukuta kwa udongo wa saruji ulioinamishwa pande zote mbili ili maji yashuke, chimbeni mfereji kuzunguka msingi, ng'oeni miche inayoota kwenye nyufa, na nondo zilizochomoza zipakwe saruji laini zisile kutu. Ni mifuko michache ya saruji na Jumamosi moja ya nguvu kazi.

Na undeni kamati zenu tatu mapema, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, kwa majina tofauti, kwa muhtasari. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Mafundi wenu wa kijijini wasajiliwe kwenye NeST sasa hivi, afisa manunuzi wa wilaya anaweza kuwaelekeza. Halmashauri inayotafuta mradi wa kupelekea fedha zilizokwama mahali pengine, mwezi Januari, itakimbilia kijiji ambacho kamati zake ziko tayari.

Msimbebeshe diwani yasiyo yake. Barabara za wilaya ziko TARURA tangu 2017, maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019, umeme una taasisi zake. Hizo zina bajeti zake nje ya halmashauri. Mameneja wake hufika barazani kutoa taarifa na diwani anaweza kuwauliza hapo, basi. Mkutano wa kijiji unaotumia saa mbili kumgombeza diwani kwa ajili ya nguzo za umeme umekosa muda wa kumwuliza kuhusu kasma ya zahanati.

Akishindwa kuwaletea majibu, mna njia nyingine za amani. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi: tumeni watu wawili wakae nyuma, wasikilize, waandike. Taarifa za mapato na matumizi zinatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua iwe ya mistari minne: tunaomba kujua kama zahanati ya kijiji fulani imo kwenye bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka huu, kasma, kiasi, chanzo na fedha zilizotolewa hadi sasa. Nakala apewe diwani, kwa heshima. Mara nyingi barua hiyo inamsaidia yeye kuliko inavyomtisha, kwa sababu sasa ana kitu cha kushika anapoingia ofisi ya mkurugenzi.

Jambo moja bado, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Jengo likikamilika halijawa zahanati. Linahitaji usajili, vifaa, mgao wa dawa, na zaidi ya vyote watumishi. Watumishi wanaombwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi wanaohitajika, na ikama inaandaliwa pamoja na bajeti, mwaka mmoja kabla. Kama mnategemea kupaua Oktoba na kumaliza mwaka unaofuata, ombi la mganga na muuguzi linapaswa kuingia kwenye ikama katika kikao hiki kinachokuja cha Januari au Februari, na kama mna matofali yaliyobaki, anzeni msingi wa nyumba ya mtumishi. Zahanati ya mlimani isiyo na pa kulala huwa na muuguzi anayeripoti Jumatatu na kuomba uhamisho Ijumaa. Mwulizeni Mheshimiwa diwani, katika mkutano wenu wa robo hii, kama amekwisha kumwandikia mganga mkuu wa wilaya kuhusu ikama ya kituo chenu, na tarehe ya barua hiyo.